Kabla Iwe Shoo ya Hoteli Diani, Ngoma ya Kwale Ilikuwa Dawa: Stori ya Sengenya na Kayamba

Tuanze na neno unalotumia kila siku. Msanii wako akiachia kitu kipya usiku wa manane, unaandika, "Hii ngoma ni noma." Hapo ngoma ni wimbo tu.

Sasa vuka feri ya Likoni, panda matatu ya Ukunda, alafu uliza mzee yeyote wa Kidigo ngoma ni nini. Atakuambia ni kile kitu cha ngozi kinachopigwa. Atakuambia pia ni uchezaji wenyewe. Tena ni ile shughuli yote, watu, chakula na usiku mzima. Na ukikaa naye vya kutosha mpaka akuamini, atakuambia ngoma ni tiba. Mtu alikuwa anaugua, anapigiwa ngoma, anacheza mpaka alfajiri, anarudi kazini.

Najua unawaza nini. "Hizo ni stori za mashetani." Tulia kwanza, tutafika huko. Maana kuna sehemu ya Italia, tena Ulaya ya wazungu wenyewe, walikuwa wanafanya karibu kitu hicho hicho, na leo wamekigeuza kuwa tamasha kubwa linalojaza watu kila Agosti. Sisi bado tunakipa dakika ishirini kando ya swimming pool, katikati ya sarakasi na bafe.

Sengenya: harusi haijaiva mpaka nzumari ilie

Wadigo ni mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, na Kwale ndiyo kwao: Matuga, Ukunda, Diani, Msambweni mpaka Lunga Lunga, na wengine wako ng'ambo ya mpaka upande wa Tanga. Sengenya ni ngoma yao ya furaha. Utaikuta harusini, kwenye sherehe za kijiji, wakati mgeni wa maana anapokelewa na siku za sikukuu za taifa. Wanaume na wanawake wanaicheza pamoja.

Ukitaka kuielewa haraka, fikiria vile DJ anavyopanga sauti. Chini kuna besi, juu yake kuna ngoma za kati, kuna kitu kinashika mwendo, alafu juu kabisa kuna sauti inayoimba. Sengenya ilikuwa na mpangilio huo kabla mtu yeyote mtaani kwenu aone kompyuta.

Kwanza ngoma zenyewe, na si moja. Kuna vumi, kubwa, na jina linajieleza: inavuma. Kuna bumbumbu, jina ambalo ukilitamka tu ushaisikia. Kuna chapuo, ndogo, yenye sauti ya juu inayokata. Kila moja ina kazi yake, na mpigaji wa moja hawezi kujifanya wa nyingine. Kabla ya shughuli, ngozi zinawekwa juani au karibu na moto ili zikaze. Ukiona wazee wanazungusha ngoma kando ya moto wa makuti, hawaoti moto. Wanatune.

Pili, upatu. Hii ni sahani ya chuma inayogongwa bila kuchoka. Ndiyo saa ya kikosi kizima. Wengine wote wakipotea, wanausikiliza upatu wanarudi njiani.

Tatu, bosi mwenyewe: nzumari. Ni zumari la mti lenye mdomo mpana chini, na juu lina kipande kidogo cha jani kavu kinachotetema ukipuliza. Jina lake na umbo lake vina undugu na mazumari ya Waarabu, kwa hivyo hapo unasikia Bahari ya Hindi nzima ndani ya kijiti kimoja. Nzumari ndiyo inayoongea na wachezaji. Inawachokoza, inawapandisha, inawaambia sasa geukeni.

Na nzumari haipumui. Sikiliza vizuri utagundua sauti haikatiki. Mpigaji anajaza hewa mashavuni, anaisukuma nje kwa mashavu, na wakati huo huo anavuta nyingine kwa pua. Ukitaka kujua ni ngumu kiasi gani, chukua mrija wa soda, uzamishe kwa glasi ya maji, alafu jaribu kutoa mapovu kwa dakika nzima bila kusimama hata sekunde moja. Ukishindwa baada ya sekunde kumi, karibu kwenye kundi letu. Sasa fikiria mzee anafanya hivyo usiku kucha, na bado anatoa nyimbo.

Wachezaji wao wanafanya kazi ya mabega, kiuno na miguu. Wengine wanavaa njuga miguuni ili kila hatua ijibu ngoma. Wanawake utawaona na hando, lile rinda fupi lenye tabaka nyingi linalofanya kiuno kionekane hata kikitingishika kidogo tu. Hilo vazi lenyewe ni kama spika, linaongeza kile mwili unasema.

Kayamba: kisanduku cha matete kilichovuka bahari

Kuna chombo kingine ambacho hakika umekiona, hata kama hukukijua jina. Kayamba ni bapa, kama kitabu kikubwa cha picha. Inatengenezwa kwa matete au mabua yaliyofungwa pamoja pande mbili, na katikati zinawekwa mbegu ngumu. Mara nyingi ni zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi. (Usiziweke mdomoni, zina sumu kali.) Unaishika kwa mikono miwili, unaitikisa kushoto kulia, na vidole gumba vinagonga juu yake. Kwa hivyo msee mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja: mchakacho wa mbegu na mdundo wa vidole.

Chombo hiki kimesafiri kuliko wengi wetu. Ukienda kisiwa cha Réunion, kule mbali karibu na Mauritius, utakikuta kinaitwa kayamb na ndicho roho ya muziki wao wa maloya. Maloya ni muziki wa watumwa waliopelekwa kule kutoka Madagascar na bara la Afrika kulima miwa. Walinyang'anywa kila kitu, lakini mtu anayejua kutengeneza kayamba anahitaji tu mabua na mbegu. Serikali ya Ufaransa iliukunjia uso muziki huo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 UNESCO ikauweka kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Yaani dada yake kayamba ana cheti cha dunia, na wewe uko naye hapo Kwale unamuita "ile kitu ya kutingisha."

Jaribu hii kidogo

Weka simu chini. Hesabu moja mpaka sita kwa mwendo sawa, bila kusimama: moja mbili tatu nne tano sita, moja mbili tatu nne tano sita. Piga makofi kwenye moja na nne. Umepata mwendo wa watu wawili wakitembea. Sasa endelea kuhesabu vile vile, lakini piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Ghafla ni kitu kingine kabisa, kama mwendo umegeuka na bado uko pale pale.

Ukipata rafiki apige ya kwanza wewe upige ya pili, mtahisi kitu kinavuta mabega. Hiyo ndiyo siri ya chakacha, ile ngoma ya wanawake wa Kiswahili harusini ambayo Them Mushrooms na Mombasa Roots waliifikisha kwa madisko miaka ya 1980. Mwili haujui ufuate mkono gani, kwa hivyo unafuata yote miwili, na hapo kiuno kinaanza kufanya maamuzi yake.

Kumbuka huu mdundo wa sita, tutakutana nao tena mbali sana na hapa.

Usiku wa pepo

Sasa tuingie kwa ile sehemu watu wanapunguza sauti wakiitaja.

Kayamba ni chombo, lakini Kwale pia ni jina la shughuli. Mtu akisema "kuna kayamba leo usiku kwa fulani," anaweza kumaanisha mtu anatibiwa. Kwa kawaida inakuwa hivi. Mtu, mara nyingi mwanamke, ameanza kuugua kwa njia ambayo haieleweki. Halali, hali, mwili umekuwa mzito, analia bila sababu, au amenyamaza siku nyingi. Mganga akiitwa, anaweza kusema kuna pepo, na pepo ana jambo lake.

Basi usiku unapangwa. Mwele anakaa katikati, mara nyingi amefunikwa nguo, anafukizwa. Kayamba kadhaa zinamzunguka na watu wanaimba. Na hapa ndipo pana akili: hawaimbi wimbo mmoja. Wanajaribu. Kila pepo ana kabila lake na nyimbo zake. Kuna pepo za Kiarabu, kuna za Kimasai, kuna za watu wengine waliowahi kupita pwani hii. Wanapiga wimbo wa huyu, mwele hatikisiki. Wanahamia wa mwingine, bado. Mpaka wafike kwenye wimbo mmoja, bega linaanza, kichwa kinafuata, na watu wanasema amepanda.

Pepo akipanda anaongeleshwa. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Na pepo anajibu kupitia mdomo wa mwele. Anaweza kutaka kanga ya rangi fulani. Anaweza kutaka pete, marashi, chakula maalum. Pepo wa Kiarabu anajulikana kwa kupenda usafi na vitu vya kunukia. Watu wa nyumbani wanasikia, akiwemo mume, na mbele ya majirani wote wanaahidi kutoa. Ngoma inaendelea mpaka alfajiri.

Italia nao walikuwa na buibui

Sasa hama na mimi mpaka Puglia, kule kusini kabisa mwa Italia, kisigino cha lile buti kwenye ramani. Kuna mji unaitwa Taranto. Kutoka jina hilo tumepata majina mawili: tarantula, ambaye ni buibui (mdudu, si lile vazi), na tarantella, ngoma ya kasi ambayo Wataliano wanaicheza kwenye harusi na kila filamu ya mamafia.

Tarantella inakwenda kwa mdundo wa sita. Ndio, ule ule uliopiga makofi sasa hivi. Chombo chake kikuu ni tamburello, duara la ngozi lenye vichuma vinavyolia pembeni. Mpigaji anaitikisa na kuigonga kwa mkono wakati mmoja, kwa hivyo mtu mmoja anatoa sauti mbili. Umeshamkumbuka mtu wa kayamba?

Lakini kabla iwe ya harusi, kwa mamia ya miaka ngoma za aina hii kule Puglia zilikuwa dawa. Wakati wa mavuno, jua kali, wanawake wa shambani waliokuwa wanavuna kwa mikono wangeanguka. Watu walisema wameumwa na tarantula. Mgonjwa angelala bila nguvu, alie, anyamaze. Familia ingekusanya pesa na kuita wapigaji nyumbani: fidla, tamburello, kinanda kidogo cha kuvuta. Wapigaji walijaribu wimbo mmoja baada ya mwingine, na kumuonyesha vitambaa vya rangi mbalimbali, mpaka wimbo mmoja na rangi moja vimguse. Hapo anainuka anaanza kucheza. Angecheza kwa masaa, hata siku kadhaa, mpaka apone. Tarehe 29 Juni, siku ya Mtakatifu Petro na Paulo, waliopona walikwenda kushukuru kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo mjini Galatina.

Msomi mmoja wa Kanisa, Athanasius Kircher, alichapisha nyimbo za dawa hiyo mwaka 1641, zikiwa zimeandikwa kwa noti. Yaani Ulaya ilikuwa na playlist ya kutoa sumu ya buibui.

Lakini buibui huyo wa Puglia hana sumu ya kumuangusha mtu hivyo. Akikuuma inawasha na kuvimba kidogo, basi. Na watu wengine waliugua tena kila mwaka, msimu ule ule, bila kuumwa upya. Mwaka 1959 msomi wa Kitaliano, Ernesto de Martino, alienda kule na timu yake, akiwemo daktari wa akili na mtaalamu wa muziki Diego Carpitella. Mwaka 1961 akatoa kitabu. Alichoona ni kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa wanawake maskini, na ugonjwa mara nyingi ulianza kwenye kipindi kigumu cha maisha: kubalehe, penzi lililokatazwa, ndoa ya kulazimishwa, kufiwa. Buibui alikuwa jina la maumivu ambayo hayakuwa na jina lingine.

Kwa nini wanawake?

Rudi Kwale. Mwaka 1975 mtafiti wa Uingereza, Roger Gomm, alichapisha makala kuhusu pepo kwenye pwani ya kusini ya Kenya, kati ya Wadigo. Hoja yake ni rahisi. Mwanamke ambaye hana sauti kubwa kwenye mali na maamuzi ya nyumba hawezi kusimama mbele ya mume na ukoo akasema, "Nataka hiki, na mnanitendea vibaya." Lakini pepo anaweza. Pepo akidai kanga mpya mbele ya watu hamsini, mume hawezi kumfokea pepo. Atatoa. Na mke hajavunja heshima, maana si yeye aliyeomba.

Si lazima ukubali kila kitu alichosema huyo mzungu. Wengine wataona ameifanya iwe kama mchezo wa kudanganya mume, na mtu aliyewahi kukesha kwenye kayamba anajua mwele hachezi mchezo. Yule anaumia kweli. Lakini ukiweka Kwale na Puglia pamoja, kitu kimoja kinajitokeza. Hakuna Mdigo aliyepeleka kayamba Italia, na hakuna Mtaliano aliyeleta buibui Msambweni. Ni sehemu mbili zenye wanawake wanaofanya kazi nyingi na kuongea kidogo, na sehemu zote mbili jamii ilitengeneza mahali ambapo mwili ungeruhusiwa kusema kile mdomo umekatazwa. Na jamii nzima ilikuja kusikiliza. Majirani waliacha usingizi, wapigaji wakatoa jasho, na familia ikatoa pesa.

Leo ukipitia hali kama hiyo unaambiwa "jikaze." Marafiki wanakutumia emoji. Jiulize ni lini mara ya mwisho watu hamsini walikesha kwa sababu wewe huna furaha.

Na tuwe wazi. Ukiwa na kifafa, malaria ya kichwa, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nenda hospitali. Dawa zipo, na ngoma haitibu vimelea. Ninachosema ni kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua upweke ni ugonjwa na wakautengenezea tiba yenye sauti kubwa.

Mashetani, wachawi na dakika ishirini za hoteli

Sasa mbona vitu hivi vinapotea? Kuna mikono mitatu inavivuta.

Mkono wa kwanza ni dini. Wadigo wengi ni Waislamu, na masheikh wengi hawapendi ngoma za pepo. Makanisa nayo vile vile. Hiyo ni imani ya mtu na inaheshimiwa. Shida inakuja pale ambapo kila mzee anayejua nyimbo za zamani anawekwa kapu moja na mchawi. Mpiga nzumari si mganga. Mganga si mchawi. Lakini Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine na watu wa ukoo wao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya hizo shutuma kuna shamba mtu analimezea mate. Kijana ambaye hajui tofauti ya kayamba na uchawi ni rahisi kuambiwa, "Yule mzee ni mchawi," na akaamini. Kwa hivyo kujua haya mambo kunaweza kuokoa babu ya mtu.

Mkono wa pili ni hoteli. Diani ni moja ya fukwe zinazopendwa zaidi Kenya, na jioni hoteli zinahitaji burudani. Vikundi vinaitwa. Hiyo ni kazi na familia zinakula, sitaitukana. Lakini angalia kinachobaki. Mgeni anataka kitu cha haraka chenye kuruka, kwa hivyo nzumari inaachwa nyumbani maana haitoshei kwenye dakika ishirini. Majina ya ngoma hayatajwi. Inaitwa tu "African dance," na kikundi hicho hicho kikimaliza sengenya ya kukatwa kinavaa shuka za Kimasai kwa raundi ya pili. Baada ya miaka kadhaa, vijana wa kikundi wanajua tu toleo la hoteli.

Mkono wa tatu ni sisi. Taja wasanii watano wa amapiano. Rahisi. Sasa taja mpiga nzumari mmoja aliye hai. Unaona?

Wataliano walifanya nini

Kule Puglia nao walionea aibu mambo ya tarantula. Yalikuwa ya maskini, ya washamba, ya wanawake "wagonjwa wa akili." Ugonjwa wenyewe ukaisha polepole. Lakini vijana wa kusini wakaanza kutafuta wazee waliobaki, wakajifunza tamburello, wakarudisha pizzica, ile ngoma ya Salento ambayo ni ndugu ya tarantella. Mwaka 1998 likaanza tamasha la La Notte della Taranta. Linazunguka miji midogo kila Agosti na kumalizika na shoo kubwa Melpignano, mji mdogo sana unaojaa maelfu kwa maelfu ya watu. Wanaita wanamuziki wakubwa kuongoza bendi. Ludovico Einaudi, yule wa piano unayemsikia kwenye klipu za huzuni, aliongoza mwaka 2010 na 2011.

Hawakuacha kusema ukweli. Hawakuficha kwamba ilikuwa ngoma ya wanawake waliokuwa wanaumia. Hiyo stori ndiyo inayofanya watu waje.

Na si lazima uende Ulaya kwa mfano. Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walichukua mwendo wa mchiriku na ngoma za mtaani, wakaukimbiza kwa kompyuta, wakatoa singeli. Wazee walisema ni kelele. Leo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Sheria iko upande wako

Kitu ambacho vijana wengi wa Kwale hawajui: Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inasema Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa. Na mwaka 2016 sheria ikatoka, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema sanaa kama hizi ni mali ya jamii, mtu wa nje akitaka kuzitumia kibiashara apate ridhaa ya jamii kwanza, na kaunti ziweke rejista yake. Kwa hivyo ukiona tangazo linatumia ngoma ya kwenu, hiyo si "promo ya bure." Kuna swali la kuuliza, na kuna ofisi ya utamaduni ya kaunti ya kuuliza.

Dunia yenyewe imeshatambua mahali hapa. Kaya Kinondo, msitu ulio hapo hapo upande wa Diani, ni mmoja wa misitu ya Kaya iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zinazoendana na Kaya za Mijikenda zikaingia kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka. Neno ni "haraka," na zaidi ya miaka kumi na tano imepita.

Uanze wapi? Wikendi ukiwa harusini Msambweni na ngoma ikalia, usirekodi tu kiuno cha mtu. Rekodi mikono ya mpigaji. Akipumzika, mpe maji, muamkie shikamoo, muulize hii ngoma inaitwaje, alifundishwa na nani, na nani anamfundisha sasa. Andika majina anayotaja, maana hayo hayako kwenye intaneti. Kama unatengeneza mabiti, muombe umrekodi nzumari yake dakika tano, mkubaliane malipo, na jina lake liende kwenye wimbo. Kama una kikundi cha hoteli, rudisha nzumari kwenye shoo, na kabla ya kuanza mwambie mgeni kwa sentensi mbili anachokaribia kuona: hii ni sengenya, ya Wadigo wa Kwale, na yule mzee pembeni hatapumua kwa robo saa inayokuja.

Watanyamaza kumsikiliza. Hata wewe ulijaribu mrija ukashindwa.